Mbwa na Paka Wazee: Mwongozo Kamili wa Kukabili Maradhi na Gharama za Daktari

Mbwa anapoanza kusitasita mbele ya ngazi za baraza alizozipanda kwa miaka kumi, au paka anapoanza kurudi kwenye bakuli la maji mara kwa mara, jibu linalotolewa katika nyumba nyingi ni moja: amezeeka tu. Jibu hilo huwatesa wanyama wetu, na baadaye huwafilisi wenyewe, kwa sababu mengi tunayoyaita uzee ni maradhi yenye majina. Karibu yote hugharimu kidogo yakigunduliwa mapema, na hugharimu fedha nyingi, au hushindikana kabisa, yakigunduliwa mnyama akiwa hawezi tena kuinuka. Mwongozo huu ni wa anayefuga mbwa au paka mzee Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma na maeneo ya jirani, ambako madaktari wa mifugo wapo, lakini kazi ya kila siku ya wengi wao ni ng'ombe wa maziwa, na ambako eksirei ya mnyama mdogo haipatikani katika kila mji.

Mhesabu kuwa mzee kabla hajaonekana mzee

Mbwa mkubwa kama German Shepherd huingia uzeeni akiwa na miaka saba hivi. Mbwa wetu wa kienyeji, ambaye kwa kawaida ni wa wastani kwa umbo, huanza akiwa na miaka minane au tisa, naye mbwa mdogo wa ndani huweza kufika miaka kumi kabla ya kuhesabiwa mzee. Paka huanza akiwa na miaka kumi au kumi na mmoja. Ikiwa hukumbuki mwaka aliozaliwa, mwombe daktari amkadirie kwa meno na macho, kisha uuandike mwaka huo na usiubadilishe tena. Kuanzia umri huo, mpeleke akapimwe mara mbili kwa mwaka hata kama anakula na kubweka vizuri, kwa sababu miezi sita ya mnyama mzee ni muda mrefu, na maradhi ya figo au ya moyo yanaweza kuanza na kukomaa ndani ya muda huo.

Weka daftari, na mkague kwa mikono yako

Kifaa cha kwanza ni daftari la shule la kurasa chache. Kila mwezi, siku ileile, andika uzito wake, kiasi cha maji anachokunywa kwa siku, hamu yake ya kula, na lolote jipya. Mbwa hupimwa kwa mizani ya kawaida ya kukanyaga: jipime ukiwa umembeba, jipime peke yako, kisha utoe. Mizani hiyo haifai kwa paka, kwa kuwa gramu mia mbili hazionekani. Mtie kikapuni na uombe mizani ya dukani inayopimia sukari na maharagwe, kisha utoe uzito wa kikapu. Paka wa kilo 4 aliyepungua gramu 400 amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, nalo ni jambo la kumpeleka kwa daktari wiki hiyohiyo.

Maji nayo hupimwa kwa urahisi. Tia maji kwa jagi lenye alama asubuhi, na kesho yake upime yaliyobaki. Mbwa anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku ana tatizo linalohitaji kuchunguzwa, hata katika joto la Kisumu. Kwa paka kiwango cha kutia wasiwasi ni kidogo zaidi, mililita 50 hivi kwa kila kilo.

Kisha mkague polepole akiwa ametulia. Inua mdomo wa juu na utazame ufizi: unapaswa kuwa wa waridi, na ukiubonyeza kwa kidole kisha ukaachia, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi mweupe ni dharura. Akiwa amelala usingizi, hesabu kifua kinavyoinuka kwa nusu dakika, uzidishe kwa mbili. Hesabu inayopita 30 siku baada ya siku ni dalili ya moyo au mapafu. Pitisha vidole kwenye chuchu zote za jike, hata zile za nyuma kabisa, ukitafuta uvimbe mdogo mgumu. Tazama kucha, kwa sababu mbwa asiyetembea vya kutosha huacha kuzisugua chini, nazo huota zikajikunja hadi kuingia katika nyama ya kidole. Papasa uti wa mgongo na mapaja kulinganisha misuli ya pande mbili. Mguu unaouma hutumiwa kidogo, na paja lake hukonda kabla hajaanza kuchechemea waziwazi.

Mtafute daktari kabla ya dharura

Daktari hatafutwi saa tano usiku mbwa akiwa anatapika damu. Mtafute sasa. Kila daktari wa mifugo nchini Kenya anatakiwa na sheria ya mwaka 2011 awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya na awe na leseni ya mwaka husika, na wasaidizi wao wenye stashahada au cheti wanasajiliwa na bodi hiyohiyo. Si utovu wa adabu kuomba kuiona leseni hiyo. Msaidizi anaweza kuchanja, kutibu vidonda na kutoa dawa za minyoo vizuri sana, lakini upasuaji wa tumbo la mbwa mwenye miaka kumi na miwili ni kazi ya daktari.

Muulize maswali haya waziwazi: huwatibu mbwa na paka mara ngapi? Una darubini ya kutazama damu? Ukihitaji vipimo vya figo na ini, sampuli unaipeleka wapi? Una mashine ya nusukaputi, yaani ya kumlaza mnyama usingizi wakati wa upasuaji, au unatumia sindano tu? Nani hupokea simu usiku? Anayejibu bila kukasirika ni wa kushikamana naye. Wakazi wa Nakuru wana nafasi ya pekee, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro kina kitivo cha tiba ya mifugo, na mjini Nakuru kuna maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo. Kwa kesi ngumu zaidi, kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete hupokea wanyama waliotumwa na madaktari wa mikoani. Mweleze daktari wako mapema kwamba ungependa barua ya rufaa na nakala ya majibu ya vipimo, ili usilipie kipimo kilekile mara mbili.

Maumivu ya viungo, na dawa za binadamu zinazoua

Nalikazia jambo hili kuliko mengine kwa sababu ndilo linaloumiza wanyama wengi zaidi, na ndilo linalotibiwa vibaya zaidi. Yabisi ya viungo haimfanyi mbwa alie. Humfanya aamke kwa hatua mbili, alale upande mmoja, aache kumkimbilia mgeni langoni, na anung'unike akiguswa kiunoni. Paka huacha kuruka dirishani na kuacha kujilamba mgongo, manyoya yakashikamana. Baridi ya alfajiri ya Molo na Njoro huzidisha hali hiyo, kwa hiyo mnyama asilale juu ya saruji. Gunia lililojazwa nyasi kavu au godoro kuukuu, lililoinuliwa juu ya mbao na kukingwa upepo, humpunguzia maumivu kila siku bila gharama.

Hatua ya pili ni uzito. Mbwa mnene anayepunguzwa hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake mara nyingi hutembea vizuri zaidi, na punguzo hilo hupatikana kwa kupunguza ugali na kutembea mara mbili kwa siku mwendo mfupi, wala si kwa safari moja ndefu ya Jumapili. Hatua ya tatu ni dawa ya maumivu iliyotengenezwa kwa ajili yao, kama meloksikamu au kaprofeni, ambayo daktari huipima kwa uzito baada ya kuhakikisha kwamba figo na ini vinaweza kuistahimili.

Kile ambacho hakifai kufanywa hata siku moja ni kuchukua vidonge vya kabatini. Parasetamoli huharibu damu ya paka, na kidonge kimoja tu kinatosha kumuua. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuangusha figo zake. Jirani wangu wa Lanet alimpa mbwa wake diklofenaki kwa huruma alipomwona anachechemea. Siku ya tatu mbwa alikuwa anatoa kinyesi cheusi chenye kunata, na fedha zilizotumika kumtia dripu zingetosha kumnunulia dawa halali kwa miezi mingi. Ikiwa umeshampa kidonge cha namna hiyo, mpigie daktari mara moja na umtajie jina la dawa, kiasi na saa, bila kuficha.

Meno, figo na kisukari

Harufu mbaya ya kinywa hutoka kwenye ukoga uliogeuka jiwe, ufizi unaooza na mzizi wenye usaha. Uvimbe unaotokea ghafla chini ya jicho la mbwa mara nyingi ni jino kubwa la juu lililooza mzizini. Kusafisha meno kunahitaji nusukaputi, na wengi huogopa nusukaputi kwa mnyama mzee. Hofu hiyo ina msingi, lakini hupunguzwa kwa kipimo cha damu kabla ya siku hiyo na kwa maji ya mshipani wakati wa kazi. Nyumbani, kitambaa safi chenye maji kilichozungushwa kidoleni, kikapitishwa kwenye meno kila jioni, husaidia sana. Dawa ya meno ya binadamu isitumike, na mifupa iliyopikwa isitolewe, kwa kuwa huvunja meno na kutoboa utumbo.

Kwa paka mzee, figo ndizo za kwanza kushukiwa. Dalili ya kunywa na kukojoa sana hujitokeza wakati theluthi mbili hivi za uwezo wa figo zimekwisha, ndiyo maana daftari la maji lina thamani kubwa. Kipimo cha mkojo ni miongoni mwa vipimo vya bei nafuu, na mkojo unaweza kuukusanya mwenyewe asubuhi kwa bakuli safi na kuupeleka ndani ya saa chache. Paka mgonjwa wa figo asinyimwe maji, na chakula chake kiwe na maji mengi na chumvi kidogo. Omena mkavu anayelisha paka wengi wa Kisumu na Homa Bay ana madini mengi ya fosforasi yanayozilemea figo. Mzoeshe hatua kwa hatua nyama laini iliyochemshwa, na umwulize daktari kiasi, kwa maana paka hawezi kuishi bila nyama.

Kisukari hutibika nyumbani, lakini ni ahadi ya kila siku: sindano mbili kwa siku, saa zilezile, mara nyingi hadi mwisho wa maisha yake. Hapa kuna hatari moja ya kukaziwa macho. Insulini ya binadamu inayouzwa katika duka la dawa kwa kawaida huwa na yuniti 100 katika mililita moja, ilhali baadhi ya insulini za wanyama huwa na yuniti 40. Bomba la sindano hutengenezwa kulingana na moja kati ya hizo. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40, umempa dozi mara mbili na nusu, na anaweza kufa usiku huohuo. Linganisha namba iliyo kwenye chupa na iliyo kwenye bomba kila unaponunua. Akiyumba au kutetemeka baada ya sindano, mpake asali au sukari iliyoloweshwa kwenye ufizi na umpigie daktari.

Kupe, nyumba ya uzazi na mengine yanayosahauliwa

Kupe wa mbwa huleta ugonjwa unaokula chembe za damu polepole: homa, kukonda, ufizi kupauka, hata kutokwa na damu puani. Tone la damu chini ya darubini humpa daktari mwanzo mzuri, na dawa ya kawaida, doksisaiklini, ni ya bei ya chini, ila hutolewa kwa wiki nne hivi. Wengi huacha baada ya wiki moja kwa kuwa mbwa amerudia kula, na ugonjwa hurudi ukiwa mkali zaidi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kutoka agroveti isipimwe kwa macho. Ile yenye amitrazi hupandisha sukari ya damu na haifai kabisa kwa paka wala kwa mbwa mwenye kisukari, na zile zenye permethrini ni sumu kwa paka.

Jike ambaye hajafungwa kizazi anaweza kujaza usaha katika nyumba ya uzazi wiki chache baada ya joto lake. Hunywa maji mengi, hukataa chakula, tumbo hujaa, na wakati mwingine hatoi uchafu wowote nje. Hiyo ni kazi ya upasuaji siku hiyohiyo. Kumfunga kizazi akiwa mzima ni nafuu na salama kuliko kumpasua akiwa amejaa sumu, na kwa hilo pekee ningemshauri mwenye jike wa miaka sita au saba asingoje zaidi.

Mbwa anayezurura na kula mbawakawa wa kinyesi anaweza kupata minyoo inayosababisha uvimbe katika umio, na dalili yake ni kutema chakula mara tu anapokimeza. Uvimbe unaotoa damu sehemu za siri mara nyingi ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana, nayo ni miongoni mwa saratani chache zinazopona vizuri kwa sindano za kila wiki, kwa hiyo usimkatie tamaa mbwa wa namna hiyo. Mbwa anayekohoa usiku na kuchoka haraka apimwe moyo. Katika miji ya kando ya ziwa, apewe kivuli na maji, na atembezwe alfajiri.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haikomi kwa sababu ya uzee. Kaunti nyingi huendesha kampeni za chanjo karibu na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, na inafaa kuuliza ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako tarehe na vituo. Mbwa asiyechanjwa anayebadilika tabia ghafla, kudondoka mate au kuuma ovyo asishikwe na mtu. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Kupanga fedha

Fungua akiba ya mnyama peke yake, isichanganyike na karo wala na kodi ya nyumba. Shilingi 50 kwa siku hufanya 18,250 kwa mwaka, na shilingi 200 kwa wiki hufanya 10,400. Iweke katika akaunti ya simu inayofungwa kwa muda, au mkubaliane wafugaji watano au sita wa mtaa mmoja kuanzisha chama kidogo cha dharura. Chama hicho kina faida ya pili: daktari akialikwa kutoka mbali, mnagawana nauli yake, na wanyama wote huchanjwa na kukaguliwa asubuhi moja.

Ugonjwa ukitokea, mwambie daktari kiasi ulicho nacho kabla hajaanza. Hakuna aibu katika hilo, na daktari mwema hupanga vipimo kwa mujibu wa fedha. Mwombe akuandikie makadirio yanayotenganisha ada ya kumwona, vipimo, dawa na marudio, kisha uulize swali moja kwa kila kipimo: majibu yake yatabadilisha matibabu au hayatabadilisha? Kama matibabu ni yaleyale kwa vyovyote vile, kipimo hicho kinaweza kungoja. Uliza pia kama dawa inapatikana katika duka la dawa za binadamu kwa jina lake la kawaida. Furosemaidi ya moyo, amlodipini ya shinikizo la damu na fenobabitoni ya kifafa hutumika pia kwa wanyama, na daktari anaweza kukuandikia karatasi ya kununulia, kwa dozi yake yeye. Ikiwa mtalipana kidogo kidogo, mapatano hayo yaandikwe kabla ya upasuaji, na kila malipo ya M-Pesa yahifadhiwe ujumbe wake.

Pale pa kubana matumizi ni kwenye vitamini za chupa, shampuu za gharama na vyakula vyenye picha nzuri. Pale pasipofaa kubanwa ni kwenye dawa ya maumivu, nusukaputi salama na marudio ya daktari. Kubana kwenye unga nako ni hasara, kwa maana unga wa mahindi uliovunda hubeba sumu ya ukungu inayoua ini la mbwa. Unga usiofaa kwa watu haufai kwake pia.

Uamuzi wa mwisho

Kaeni nyumbani, mnyama akiwa bado na nafuu, mkubaliane mtamtibu hadi wapi. Andikeni katika daftari mambo manne au matano anayoyapenda: kula, kumpokea mtoto akitoka shule, kuota jua, kutembea hadi langoni. Kila jioni wekeni alama kwa siku njema au mbaya. Siku mbaya zikizidi njema kwa wiki mbili mfululizo, huku daktari akisema hakuna dawa iliyobaki ya kupunguza maumivu, kumlaza usingizi wa mwisho ni tendo la rehema, na gharama yake iwe imewekwa kando mapema ili asiteseke kwa kukosa fedha za sindano moja. Mwombe daktari ampe kwanza dawa ya kutuliza, kisha ile ya mwisho, na ikiwezekana aje nyumbani. Watoto waambiwe ukweli. Wakidanganywa kwamba mbwa ametoroka, watamtafuta mitaani.

Mzike siku hiyohiyo, katika shimo la kina kinachozidi mita moja, mbali na kisima na mfereji, mkiweka mawe juu kabla ya udongo wa mwisho. Dawa iliyomlaza hubaki katika mwili, nayo huua mbwa, paka au ndege walao mizoga wakifukua. Dawa zake zilizosalia mrudishieni daktari, na msimpe mnyama mwingine hata kama dalili zinafanana.